Mfuko wa korodani uko juu ya uume na babu anataka tohara Desemba: jibu kwa baba wa Arusha

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Mimi ni fundi seremala hapa Arusha, Kwa Mrombo, nyumbani ni Kibosho. Mtoto wetu wa kwanza wa kiume ana miezi 7. Tangu azaliwe mfuko wake wa korodani umekaa juu, umeuzunguka uume, na uume wenyewe umeinamia chini. Mkojo hautokei kichwani, unatokea huku chini karibu na mfuko. Pale tulipojifungulia walituambia akikua atakaa sawa. Mama anasema huyu ni jinsia mbili, mashangazi wanamsema mke wangu kwamba ni zile sindano za uzazi wa mpango. Baba anataka Desemba tukipanda nyumbani atahiriwe pamoja na watoto wa kaka zangu, na kuna mtu kamwambia tohara ndo itanyoosha. Ni kweli? Atapona? Atakuja kupata watoto? Nikutumie picha?"

Marahaba mdogo wangu, hongereni kwa mtoto na poleni na maneno ya watu. Nianze na lile la Desemba kwa sababu ndo lina tarehe: mtoto asitahiriwe. Asitahiriwe na ngariba, asitahiriwe na nesi wa zahanati, na hata daktari wa hospitali kubwa asimguse kama hajakaa na nyie akaangalia maumbile yote na kupanga upasuaji wa kurekebisha. Tohara hainyooshi kitu. Uume wa mwanao umeinama kwa sababu ngozi ya upande wa chini ni fupi na mara nyingi chini yake kuna nyuzinyuzi ngumu zinazouvuta, sasa ukikata govi hujagusa kabisa hicho kinachovuta, halafu umetupa nyama ambayo sisi ndo tungeitumia kumtengeneza.

Mkiwa mnambadilisha pampasi angalieni, mtaona govi lake halijazunguka kichwa chote, limejaa upande wa juu tu na chini hakuna kitu, ndo maana wapo wazee wanaomwona mtoto wa hivi wanasema kazaliwa ameshatahiriwa nusu, amalizie tu. Hiyo ngozi ya ndani ya govi, ile nyororo isiyoota nywele, ndo tunayojengea njia mpya ya mkojo. Ngozi ya mfuko wa korodani haifai kwa kazi hiyo, maana mtoto akibalehe inaota nywele, na nywele zikiwa ndani ya njia ya mkojo zinashika uchafu, mawe yanajijenga humo na maambukizi hayaishi. Govi likishaondoka inabidi tukachukue ngozi ndani ya mdomo, kwenye shavu au upande wa ndani wa mdomo wa chini. Inawezekana na inakubali vizuri tu, lakini ni kidonda cha pili kwenye mwili wa mtoto ambacho kisingehitajika. Napokea vijana wa sekondari waliokatwa utotoni bila mtu yeyote kuinamisha shingo na kuangalia mkojo unatokea wapi, na inaniuma, kwa sababu kuangalia ni dakika moja. Hata kwenye zile kampeni za tohara ya hiari za kupunguza maambukizi ya VVU zinazofanyika mikoa kama Iringa, Njombe na Shinyanga, mtoa huduma akikuta tundu la mkojo halipo mahali pake haruhusiwi kukata, anatoa rufaa.

Sasa tuje kwenye mtoto mwenyewe ana nini. Kwa jinsi ulivyoeleza kuna mambo matatu yamekuja pamoja. Tundu la mkojo liko chini ya uume badala ya kwenye ncha, hiyo inaitwa haipospadiasi. Uume umepinda kwenda chini. Halafu mfuko wa korodani umepanda ukazunguka shina la uume upande wa juu, na hilo ndo la adimu zaidi kwenye hayo yote, kwenye barua ya rufaa utakuta wameandika transpozisheni ya penoskroto. Haipospadiasi peke yake sio kitu cha ajabu, ni takriban mtoto 1 kati ya 250 wa kiume, na wengi wao tundu limeteremka kidogo tu chini ya kichwa, wengine hata hawajui mpaka wanazeeka. Mfuko kupanda ni nadra, na upo wa aina mbili. Kuna nusu, mfuko unauzunguka uume juu na pembeni lakini bado sehemu kubwa iko chini, na kuna kamili ambapo uume unatokea chini kabisa ya mfuko, karibu na njia ya haja kubwa, hiyo kamili madaktari wengi wanastaafu hawajaiona. Nadhani wa kwenu ni ile nusu, na karibu kila mara ile nusu inaongozana na haipospadiasi kali ya namna hiyo hiyo uliyoielezea. Nimesema nadhani kwa sababu sijamwona.

Na hilo linanileta kwenye picha, nimalizane nalo kabisa. Usinitumie, na usimtumie mtu mwingine yeyote kwenye simu. Najua unataka msaada wa haraka, lakini picha ya sehemu za siri za mtoto ikishatoka kwenye simu yako hujui itaishia kwenye grupu gani, na miaka 15 ijayo mtoto huyo atakuwa na simu yake. Halafu picha hainiambii ninachotaka kujua. Mimi nataka kujua korodani zipo ngapi na zimekaa wapi, na hiyo inajulikana kwa vidole, sio kwa macho.

Mashangazi sasa. Hili nitalirefusha kidogo kwa sababu mkeo ndo anabeba mzigo ambao sio wake. Mimba ikiwa ya wiki 6 au 7 hivi, mtoto wa kike na wa kiume ukiwaangalia huku chini ni kitu kimoja, wote wana kinundu kidogo katikati, mikunjo miwili pembeni mwa kinundu, na vivimbe viwili nje ya mikunjo. Kwa mtoto mwenye kromosomu Y, ile ya urithi wa kiume, kuna jeni moja humo, inaitwa SRY, iligunduliwa mwaka 1990, ndo inayoamuru korodani zitengenezwe. Korodani zikishaanza kazi, kuanzia wiki ya 8 au 9, zinatoa homoni ya testosteroni, na mwili unaibadilisha kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi inayofanya kazi huku nje. Hapo kinundu kinarefuka kuwa uume, ile mikunjo miwili inajifunga kama zipu kutoka nyuma kwenda mbele na kuwa njia ya mkojo, na vile vivimbe vya pembeni vinahama, vinateremka chini ya uume, vinaungana katikati na kuwa mfuko. Ule mstari unaouona katikati ya mfuko wa kila mwanaume ndo alama ya pale palipoungana. Kufikia wiki ya 14 hivi kazi kubwa imeshaisha. Kwa mwanao mikunjo haikufunga mpaka mwisho na vivimbe havikumaliza kuteremka. Ndo hivyo tu, kazi ilianza ikaishia njiani, na iliishia njiani mkeo akiwa bado kwenye miezi ya mwanzo ya mimba.

Kwa nini iliishia njiani, kwa watoto wengi hatupati jibu. Wakati mwingine ni jeni, wakati mwingine kondo la nyuma halikulisha vizuri na ndo maana watoto waliozaliwa na uzito mdogo wanapata haipospadiasi zaidi, wakati mwingine mwili wa mtoto hauisikii vizuri homoni yake wenyewe. Watu wa kwetu huku wa mashamba ya kahawa na maua wananiuliza sana kuhusu dawa za kupulizia, na ukweli ni kwamba zimechunguzwa na bado ushahidi unapingana, lakini mjamzito kukaa mbali na pampu ya dawa ni busara kwa sababu nyingine nyingi tu. Kuhusu sindano ya uzazi wa mpango ambayo mama aliiacha kabla ya kubeba mimba, hakuna ushahidi kwamba inaleta hili. Mwambie mkeo hivyo kwa sauti, tena mashangazi wakiwepo. Na laana pia hapana, kama kuna mtu alishaanza kuitaja.

La mama kusema jinsia mbili. Simlaumu, anaona mfuko umegawanyika na uume umejificha katikati, mtu yeyote angejiuliza. Na sisi pia hilo swali tunalichukulia kwa uzito, ila tunalijibu kwa utaratibu. Kitu cha kwanza tunachoangalia ni korodani. Daktari anapasha mikono yake, kwa sababu mkono wa baridi korodani zinakimbilia juu, anamlaza mtoto akiwa ametulia, anaweka vidole kwenye kinena na kuteremka navyo taratibu mpaka kwenye mfuko. Korodani ya mtoto mdogo ni kitu cha mviringo cha sentimita moja na nusu hivi, inateleza chini ya kidole. Zikipatikana zote mbili ndani ya mfuko, uwezekano kwamba huyu ni mvulana mwenye kromosomu XY ambaye ujenzi wa nje haukukamilika unakuwa mkubwa sana, ingawa kwa haipospadiasi kali kama hii bado wengi wetu tunapenda kupima homoni na kromosomu tuwe na uhakika. Ikikosekana moja, au zote mbili, hapo kupima ni lazima, sio suala la kupenda.

Naomba nitoke nje ya swali lako kidogo kwa ajili ya wazazi wengine wanaosoma hapa wakiwa na kichanga cha siku chache. Mtoto akizaliwa na maumbile yasiyoeleweka na korodani hazishikiki, kuna ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo ambao unaweza kumfanya mtoto wa kike mwenye kizazi na mayai aonekane nje kama wa kiume, na baadhi yao mwili unapoteza chumvi. Hao katika wiki ya pili au ya tatu wanaanza kutapika, wanakataa kunyonya, wanalegea, wanakauka, na wasipowahiwa wanakufa. Huyo sio wa kusubiri kliniki ya mwezi, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto wako ana miezi 7 na kama ananyonya na anaongezeka uzito, dhoruba hiyo ya wiki za mwanzo hamkuipata, lakini nimeiandika kwa sababu kuna mahali kuna mama anaisoma usiku huu na mtoto wake ana siku 10.

Mpaka majibu yatoke msimpachike mtoto jina lolote la ajabu, la jinsia mbili wala la huntha. Mtoto anaitwa jina mlilompa.

Kingine cha kuangalia ni figo. Sehemu hizi zinajengwa wakati mmoja na mfumo wa mkojo, na mfuko ukiwa umepanda, hasa ile aina kamili, wengi wanakutwa na hitilafu kwenye figo, moja haipo, au zimeungana, au imekaa mahali pasipo pake. Kwa hiyo ultrasaundi ya figo na kibofu haikwepeki, ni kipimo rahisi, hakina maumivu na Arusha mjini kinapatikana. Daktari atahakikisha pia njia ya haja kubwa iko wazi na iko mahali pake, atasikiliza moyo, atapitisha kidole kwenye uti wa mgongo mpaka chini, ataangalia vidole na uso. Uso kwa sababu kuna hali adimu inaitwa sindromu ya Aarskog na Scott, wale madaktari walioieleza, mmoja Norway mwaka 1970 na mwingine Marekani mwaka uliofuata, ambapo mfuko unazunguka uume vile vile lakini mtoto anakuwa mfupi, macho yamekaa mbalimbali na vidole ni vifupi. Sisemi mwanao anayo, nasema daktari anayejua kazi ataangalia mtoto mzima.

Na wakati mnasubiri miadi, mtoto akipata homa isiyo na mafua wala kikohozi, pimeni mkojo pamoja na malaria. Watoto hawa wakiwa na tatizo la figo au la kibofu wanapata maambukizi ya mkojo kirahisi, na huku kwetu kila homa inapewa dawa ya malaria kwanza halafu mkojo unakumbukwa wiki ya tatu. Angalieni pia anavyokojoa. Mkojo ukitoka kwa mkondo, hata kama unaelekea chini kwenye miguu, ni vizuri. Ukitoka matone matone huku anajikamua na kulia, au tumbo la chini limevimba, nendeni siku hiyo.

Umeuliza atapona. Anarekebishwa, ndio, ila hili halikai sawa lenyewe kwa kukua, aliyewaambia hivyo alikosea, na sio kwa upasuaji mmoja. Umri tunaoupenda kuanza ni kati ya miezi 6 na 18, kwa hiyo hamjachelewa hata kidogo. Kipindi hicho mtoto bado anavaa pampasi, kidonda kinapona vizuri na hatabaki na kumbukumbu. Uume ukiwa mdogo sana daktari anaweza kumpa testosteroni kwa muda mfupi kabla, sindano au ya kupaka, ili ngozi iongezeke na damu ifike vizuri. Ya kujinunulia duka la dawa msijaribu.

Kwa haipospadiasi kali upasuaji mara nyingi unagawanywa. Wa kwanza mtoto anapewa nusu kaputi, na mara nyingi ganzi ya mgongoni juu yake ili akiamka asiumie, halafu uume unanyooshwa. Daktari anaujaza maji ya chumvi kwa sindano pale pale mezani ausimamishe, aone bado umepinda wapi, anaachia kinachovuta, anaujaza tena, anaangalia tena. Ukishanyooka anachukua ile ngozi ya ndani ya govi anaitandaza upande wa chini wa uume na kuishona ipate damu mahali papya. Hapo mnarudi nyumbani na mkojo bado unatokea chini, na wazazi wengi wanakata tamaa hapo, wanasema mbona hamna kilichofanyika, kumbe ile ndo hatua yenyewe. Tunasubiri miezi 6 au zaidi ngozi ilainike, ndo anarudi kuikunja iwe mrija mpaka kwenye ncha.

Mfuko nao unateremshwa. Njia inayotumika sana ilielezwa na Glenn na Anderson mwaka 1973, mbawa mbili za mfuko zinakatwa pembeni na juu ya uume, zinazungushwa kuja chini na kuunganishwa katikati, chini ya uume, pale zilipotakiwa kufika zenyewe tumboni mwa mama. Wapo wanaoifanya pamoja na hatua mojawapo, wapo wanaoiacha mwisho kabisa ili ngozi ya uume isikatiwe damu pande zote kwa wakati mmoja. Mimi niko na hao wa kuiacha mwisho. Muonekano unasubiri, njia ya mkojo kwanza.

Sitakuficha, upasuaji huu una matatizo yake hata mikononi mwa mabingwa. Kwa aina kali, theluthi ya watoto na hata zaidi wanahitaji kurudi mezani tena baadaye. La kawaida zaidi ni fistula, yaani kitundu kinafunguka kwenye njia mpya na mkojo unavuja pembeni, au njia inabana mkondo unakuwa mwembamba, au kidonda kinaachia. Yote yanatibika, lakini fistula haizibwi wiki hiyo hiyo, inasubiri tena kama miezi 6. Kwa hiyo tafuteni mtu anayezifanya mara kwa mara, upasuaji wa kwanza ndo wenye nafasi nzuri kuliko wote unaofuata. Daktari akikuambia hii mimi sio kazi yangu, nakuandikia rufaa, mshukuruni.

Nieleze na uangalizi wa nyumbani kwa sababu huko ndo kazi nyingi zinaharibikia. Mtoto atatoka na mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, umeshonwa na uzi kwenye kichwa cha uume, unakaa siku 7 mpaka 14 kutegemea na daktari. Tunatumia pampasi mbili. Ile ya ndani inatobolewa tundu mbele, mpira unapitishwa kwenye tundu ukaangukia kwenye pampasi ya pili, ya nje, iliyo kubwa zaidi. Haja kubwa inabaki ya ndani, mkojo unaingia ya nje, kidonda kinabaki kikavu. Mpira usikunjwe, na kila baada ya masaa machache mguse pampasi ya nje, iwe na unyevu. Ikiwa kavu masaa manne na mtoto analia, mpira umeziba au umekunjika, rudini hospitali, msiuvute wala msijaribu kuuzibua wenyewe. Mtoto asibebwe mgongoni wiki mbili tatu hizo, najua hilo ni gumu kwa bibi zetu wa Kibosho, lakini mbeleko inambana kidonda moja kwa moja, abebwe mikononi. Mpeni maji na papai haja iwe laini asijikamue. Uvimbe na rangi ya bluubluu siku za mwanzo ni kawaida. Damu inayolowanisha bandeji, homa, harufu mbaya, au mpira kuchomoka, mnarudi usiku huo huo.

Kupata watoto. Watoto hawazalishwi na njia ya mkojo, wanazalishwa na korodani. Kama korodani zipo mbili, ziko chini mahali pake na zinafanya kazi, akiwa mtu mzima ana nafasi nzuri ya kuitwa baba. Upasuaji unachosaidia ni uume unyooke na mbegu zitokee mbele zifike panapotakiwa. Kama korodani moja au mbili hazijashuka ni lazima zishushwe mapema, kabla hajafika mwaka na nusu, kwa sababu joto la tumboni linaziharibu na zikibaki huko hatari ya saratani baadaye inapanda. Na hilo la kukojoa amesimama shuleni na wenzake, ambalo hujaniuliza lakini kila baba analiwaza, ndo moja ya malengo yetu makubwa, tunapenda amalize hatua zote kabla hajaanza chekechea au darasa la kwanza. Atahitaji kuonwa tena akibalehe, uume unapokua haraka ndo kupinda kulikobaki kunajionyesha.

Pa kuanzia, mpeleke hospitali ya Mount Meru na kadi yake ya kliniki, omba aonwe na daktari wa watoto au wa upasuaji, eleza haya mambo matatu kwa kuyataja moja moja, ultrasaundi ifanyike hapo hapo, halafu omba rufaa ya kwenda KCMC hapo Moshi, ambayo ndo hospitali ya rufaa ya kanda yetu ya kaskazini na ina idara ya mkojo inayoshughulika na haya. Kutoka Arusha ni kilomita 80 hivi, unaenda na kurudi siku moja. Kuhusu hela, sera ya afya inawasamehe watoto chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali, lakini vifaa vikikosekana mtaambiwa mnunue, na KCMC ni hospitali ya taasisi ya dini kwa hiyo ulizeni gharama mapema kabla ya siku ya kulazwa. Kama kuna bima ya kazini kwa mkeo au kwako muingizeni mtoto sasa hivi. Ukishindwa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii pale pale hospitalini kabla ya upasuaji, ukienda baada ya bili kutoka mambo yanakuwa magumu.

Mzee. Najua jando kwenu sio jambo la mchezo na Desemba ndo ukoo mzima unakuwa mgombani. Mimi ningekushauri usimpigie simu, panda ukaongee naye ana kwa ana kabla watu hawajajaa, umwambie baba, mjukuu wako atatahiriwa, ila atatahiriwa na daktari siku anapotengenezwa, govi lake lina kazi. Hilo ni kweli kabisa, sio la kumpoza, upasuaji ukiisha govi halipo na uume unaonekana kama wa aliyetahiriwa. Wazee wengi nilioongea nao hili wanalipokea vizuri wakielezwa mapema na kwa heshima, kinachowaudhi ni kusikia siku ya sherehe kwamba mtoto hakuletwa. Akitaka kumsikia daktari mwenyewe, njoo naye siku ya kliniki, babu anaruhusiwa kuingia.

Na mkija kupata mtoto mwingine wa kiume, uwezekano wa kuwa na haipospadiasi unapanda kuliko kwa familia nyingine, vitabu vinataja takriban 1 kati ya 10, kwa hiyo tisa kati ya kumi wanazaliwa salama. Mkeo amwambie daktari wa kliniki ya wajawazito kwenye hudhurio la kwanza kabisa, ultrasaundi ya wiki ya 20 iangalie figo za mtoto, na akizaliwa aangaliwe huku chini kabla hamjatoka wodini.